Kuuza mtandaoni bila kuvunja sheria wala imani ya mteja

Anayenunua dukani huishika bidhaa, huigeuzageuza, humtazama muuzaji usoni, na akiingiwa na shaka huondoka na pesa yake mfukoni. Mtandaoni hana nafasi hiyo. Anayo maneno uliyoandika na picha ulizoweka, basi, kisha anatangulia kulipa na kukaa kusubiri. Sehemu kubwa ya sheria za biashara ya mtandaoni imezaliwa na pengo hilo. Kwa hiyo usiuone ukurasa wako wa mauzo kuwa tangazo tu. Ni ahadi uliyoiweka kwa maandishi, na siku mgogoro utakapofika kwa mamlaka au mahakamani, ndio utakaosomwa kwanza.

Mwongozo huu unafuata njia anayopita mteja: anapofungua ukurasa, anapobonyeza kitufe cha kulipa, anapoacha taarifa zake kwako, hadi anaporudi na malalamiko.

Sheria ya nani inakuhusu

Wengi hudhani wanabanwa na sheria ya nchi waliyosajili biashara peke yake. Sivyo. Kanuni ya ulinzi wa data ya Umoja wa Ulaya, GDPR, iliyoanza kutumika 25 Mei 2018, inamgusa hata muuzaji asiye na ofisi Ulaya iwapo anawalenga watu walioko huko au anafuatilia mienendo yao mtandaoni. Tovuti kufunguka tu katika nchi fulani hakutoshi kuitwa kulenga. Ukiweka bei kwa sarafu yao, ukatumia lugha yao na kutangaza kwamba unawapelekea mzigo, hapo umelenga. Nchi nyingine nazo zimetunga za kwao, nyingi zikifuata njia hiyohiyo: Brazili mwaka 2018, Kenya 2019, Tanzania 2022.

Kazi ya kwanza, basi, ni jedwali. Andika kila nchi unakopeleka bidhaa au huduma, na mbele yake weka mambo matano: haki ya mnunuzi kurudisha, sheria ya data, kodi ya mauzo, bidhaa zinazokatazwa au zinazohitaji kibali, na umri wa chini wa mnunuzi. Nchi ambayo safu zake huwezi kuzijaza, ifunge kwenye mipangilio ya usafirishaji mpaka uzijaze. Kuifunga ni kazi ya dakika mbili.

Safu ya kodi ndiyo inayosahaulika zaidi. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya South Dakota dhidi ya Wayfair, iliruhusu majimbo kudai kodi ya mauzo hata kwa muuzaji asiye na duka wala ghala jimboni. Katika Umoja wa Ulaya, tangu 1 Julai 2021 muuzaji anaweza kujisajili katika nchi moja mwanachama na kulipia huko kodi ya ongezeko la thamani ya nchi zote. Kodi usiyomkata mteja leo utakuja kuitoa mfukoni mwako, pamoja na faini yake.

Jitambulishe

Chini ya kila ukurasa weka jina la biashara kama lilivyosajiliwa, namba ya usajili, anwani halisi, barua pepe inayosomwa na mtu, na namba ya simu kama unayo. Fomu ya mawasiliano peke yake haitoshi, na jina la utani la ukurasa wa mtandao wa kijamii halitoshi kabisa. Anayeuzia kwenye mitandao ya kijamii aweke taarifa hizo kwenye utambulisho wa akaunti yake. Ukiwa na shida ya kuonyesha anwani kwa sababu unafanyia kazi nyumbani, tafuta anwani ya biashara ya kukodi inayoruhusiwa kisheria, usibuni. Kama bidhaa yako inahitaji leseni, kwa mfano dawa, vipodozi, pombe, bima au huduma za fedha, andika namba ya leseni na mamlaka iliyoitoa.

Bei na maelezo

Bei ya kwanza anayoiona mteja iwe na kila gharama isiyokwepeka. Kuonyesha 100 kwenye orodha, kisha 12 za "huduma" na 8 za "ushughulikiaji" zichomoze kwenye hatua ya mwisho, ni njia ya haraka ya kupoteza mauzo na kujiingiza kwenye makosa. Ada ya usafirishaji inayotegemea mahali itajwe mapema: "usafirishaji huhesabiwa kwa uzito, angalia hapa kabla ya kulipa".

Punguzo la uongo limeenea mno, na linaumiza kwa sababu mteja hana namna ya kulipima. Chukua bidhaa uliyoiuza kwa 80 miezi miwili mfululizo. Unaipandisha hadi 120 kwa siku tatu, unairudisha hadi 80, unaikata ile 120 kwa mstari, unaandika "ilikuwa 120, sasa 80". Kwa kanuni ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika 28 Mei 2022, bei ya kulinganishia ni ile ya chini kabisa uliyoitoza katika siku 30 kabla ya punguzo. Hapa ni 80. Maana yake hakuna punguzo, ni mstari tu. Hata kama huuzi Ulaya, tumia kipimo hichohicho: weka faili la historia ya bei, tarehe na kiasi, na usitangaze punguzo lolote ambalo faili hilo haliungi mkono.

Saa inayohesabu kurudi nyuma na kuanza upya kila ukurasa unapofunguliwa, iondoe leo. "Zimebaki 2 tu" iandikwe endapo namba hiyo inasomwa moja kwa moja kutoka kwenye hesabu ya stoo. Mbinu za namna hii Harry Brignull alizikusanya mwaka 2010 chini ya jina la mifumo ya giza, na tangu hapo wasimamizi wa soko wamezifanya kosa la kuadhibiwa. Kipimo chake ni rahisi: je, mteja angejua ulivyopanga kitufe au saa hiyo, angejiona amedanganywa?

Picha za msambazaji huleta balaa la aina yake. Rangi yake si ile, kitambaa si kile, ukubwa umekuzwa. Kabla ya kuuza chochote usichokishika, agiza kimoja, kipime kwa rula, kipige picha kwenye mwanga wa mchana, na uandike vipimo kwa sentimita na uzito kwa gramu. Ukiuza bila kutunza stoo, ukamwachia msambazaji apeleke mzigo, elewa kwamba mbele ya mteja muuzaji ni wewe. Msambazaji akichelewa, aliyechelewa ni wewe. Na usipotaja muda wa kufikisha, sheria inautaja kwa niaba yako: Ulaya mzigo uwe umemfikia mteja ndani ya siku 30, na Marekani uwe umetumwa ndani ya siku 30. Ukiona utashindwa, mjulishe mteja kabla muda haujaisha na umpe hiari ya kufuta oda na kurudishiwa pesa zote.

Kitufe cha mwisho

Simama kwenye ukurasa wa malipo uutazame kama mgeni. Juu ya kitufe panatakiwa kuonekana, bila kubonyeza popote, jina la bidhaa, idadi, jumla ya pesa pamoja na kodi na usafirishaji, na kama ni huduma ya kila mwezi, muda wake na kiasi kitakachokatwa kila mara. Chini ya maelezo hayo kisanduku kitupu, na mbele yake sentensi: "Nimesoma na nakubali Vigezo na Masharti", maneno matatu ya mwisho yakiwa kiungo. Kisha kitufe chenye maneno "Agiza na ulipe". Ulaya sheria inataka kitufe kiseme waziwazi kwamba kukibonyeza ni kukubali kulipa. "Endelea" au "Thibitisha" haitoshi, na oda iliyopatikana kwa kitufe kama hicho haimfungi mnunuzi.

Kisanduku kina sababu yake. Mwaka 2014 mahakama ya rufaa ya Marekani iliamua katika kesi ya Nguyen dhidi ya Barnes & Noble kwamba kiungo cha masharti kilichowekwa chini ya ukurasa, bila mteja kutakiwa kufanya lolote kuonyesha amekubali, hakimfungi. Kampuni ilikuwa na masharti yaliyoandikwa vizuri, ila haikuweza kuonyesha kwamba mnunuzi aliyajua. Kwa hiyo tunza kumbukumbu nne kwa kila oda: namba ya oda, saa na tarehe, toleo la masharti lililokuwepo siku hiyo, na alama kwamba kisanduku kilibonyezwa. Kila unapobadilisha masharti yape namba mpya, na la zamani lihifadhi, usilifute.

Masharti ya kunakili ni hatari kuliko kukosa masharti. Dalili zake unazijua ukizisoma kwa utulivu: jina la kampuni nyingine limebaki aya ya saba, migogoro inapelekwa katika mahakama ya nchi ambayo hujawahi kuuza, kuna "idara ya usuluhishi" usiyokuwa nayo. Na ile sentensi pendwa, "hatuwajibiki kwa hasara yoyote ile", nchi nyingi haziikubali pale bidhaa inapokuwa mbovu au mtu anapoumia. Andika machache unayoweza kuyatimiza, kwa lugha ambayo mteja wako anaisoma.

Kwa huduma za kujirudia, mlango wa kutokea uwe na upana wa mlango wa kuingilia. Mtu aliyejiunga kwa kubonyeza mara mbili asilazimishwe kupiga simu saa za kazi ili ajitoe. Ujerumani tangu 1 Julai 2022 inataka kitufe cha kusitisha mkataba kwenye tovuti yenyewe. Mkumbushe mteja kabla ya muda wa majaribio kuisha. Utapoteza wachache ambao wangeondoka tu wakikulaani.

Kurudisha bidhaa

Hapa tenganisha mambo mawili yanayochanganywa kila siku. Bidhaa mbovu, au isiyofanana na maelezo, ni deni lako. Tangazo la "mali ikishauzwa hairudishwi" halilifuti. Mteja kubadili nia ni jambo jingine, nalo hutegemea nchi. Katika Umoja wa Ulaya mnunuzi wa mtandaoni ana siku 14 tangu apokee mzigo za kuurudisha bila kutoa sababu, na usipomweleza haki hiyo kabla hajanunua, muda unaongezeka kwa miezi 12. Pesa unarudisha ndani ya siku 14 tangu akujulishe, pamoja na gharama ya kawaida ya kumpelekea, ingawa unaweza kuizuia mpaka mzigo ufike au akuonyeshe ushahidi kwamba ameutuma. Gharama ya kuurudisha ni yake ikiwa ulimwambia mapema. Vitu vilivyotengenezwa kwa vipimo vyake, vinavyoharibika haraka, na vya usafi vilivyofunguliwa lakiri havimo.

Sera nzuri inaingia kwenye aya moja. Kwa mfano: "Una siku 14 tangu upokee mzigo za kuurudisha hata bila sababu. Tuandikie barua pepe ukitaja namba ya oda. Tutakujibu siku moja ya kazi na anwani ya kurudishia. Gharama ya kutuma ni yako, isipokuwa bidhaa ikiwa mbovu au si uliyoagiza. Tutarudisha pesa kwa njia uliyolipia, ndani ya siku 14." Kila namba iliyomo ipime kwanza. Ukiahidi kujibu kwa siku moja ilhali barua pepe hiyo hufunguliwa Jumatatu tu, umeshavunja ahadi kabla ya kuuza.

Taarifa za mteja

Sehemu hii ina madhara makubwa kuliko zote, maana bidhaa mbovu hubadilishwa, ila namba ya simu na anwani ya mtu zikishavuja hazirudi.

Anza na fomu. Kila sehemu ya kujaza iulize swali: bila taarifa hii, nitashindwa kufanya nini? Anwani, bila hiyo mzigo hautafika. Simu, dereva atashindwa kumpata. Tarehe ya kuzaliwa, kwa muuzaji wa viatu, hakuna utakachoshindwa. Ifute. Taarifa usiyokuwa nayo haiwezi kuibwa kwako.

Kisha andika daftari la data, ukurasa mmoja wa jedwali. Mstari mmoja unaweza kusomeka hivi: "Namba ya simu ya mnunuzi. Sababu: kufikisha mzigo. Inahifadhiwa: mfumo wa oda. Wanaoiona: msimamizi wa oda na kampuni ya usafirishaji. Inafutwa: miezi 6 baada ya mzigo kupokelewa." Jina na kiasi kilicholipwa vitakaa muda mrefu zaidi kwa sababu sheria ya kodi inataka kumbukumbu za mauzo zitunzwe miaka kadhaa; andika hivyo. Ukimaliza daftari hili, sera ya faragha umeshaiandika, kilichobaki ni kuigeuza iwe sentensi. Wanaoanza na sera ya kunakili huishia kuahidi mambo yasiyofanyika.

Ridhaa ina maana moja tu: mtu amefanya kitendo kwa hiari akijua anachokubali. Mnamo 1 Oktoba 2019, katika kesi ya Planet49, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema kisanduku kilichokwisha kuwekwa tiki si ridhaa. Tenganisha pia ridhaa: kukubali masharti ya ununuzi kusifungwe pamoja na kukubali kupokea matangazo. Na vidakuzi, yaani faili ndogo ambazo tovuti huziweka kwenye kivinjari cha mtu, vikiwa vya kufuatilia au vya matangazo visianze kazi kabla mtu hajakubali. Unaweza kupima mwenyewe kwa dakika tano. Fungua dirisha la faragha la kivinjari, bonyeza F12, nenda kwenye sehemu ya hifadhi ya data, kisha fungua tovuti yako bila kugusa bango la ridhaa. Ukiona vidakuzi vya makampuni ya matangazo vimeshajipanga, bango lako ni pambo. Mara nyingi kosa ni programu-jalizi ya takwimu au video iliyopachikwa, inayopakiwa kabla ya bango. Kitufe cha "Kataa" kiwe na ukubwa na rangi sawa na cha "Kubali", kwenye skrini ileile.

Data ya kadi usiiguse. Tumia kampuni ya malipo ambayo fomu yake inafunguka upande wao, ili namba ya kadi isipite kwenye seva yako. Zile tarakimu 3 au 4 za usalama zilizochapwa kwenye kadi haziruhusiwi kuhifadhiwa baada ya malipo kuidhinishwa, hata zikiwa zimesimbwa. Viwango vya usalama vya sekta ya kadi viko wazi juu ya hilo. Anayepokea picha za kadi kwa ujumbe wa simu amekwisha kukosea, hata kama picha anaifuta.

Uvujaji mwingi hauhitaji mdukuzi. Wateja 200 wanaunganishwa kwenye kundi moja la ujumbe, na kila mmoja anaona namba za wenzake. Barua pepe ya tangazo inatumwa na anwani zote zikiwa kwenye mstari unaoonekana badala ya ule uliofichwa. Jedwali la oda linashirikishwa kwa "yeyote mwenye kiungo". Mfanyakazi anaondoka na nywila yake inaendelea kufanya kazi. Tumia orodha ya matangazo badala ya kundi, kila mtu awe na akaunti yake, washa uthibitisho wa hatua mbili, na siku mtu anapoacha kazi, akaunti yake ifungwe siku hiyohiyo.

Likitokea la kutokea, saa inaanza kuhesabu. GDPR inakupa saa 72 tangu ujue kuijulisha mamlaka ya ulinzi wa data, isipokuwa pale ambapo haielekei watu kupata madhara. Kwanza ziba tundu: badilisha nywila, funga kiungo, ondoa programu yenye kasoro, ila usifute kumbukumbu za mfumo, kwani ndizo zitakazoonyesha kilichotokea. Pili andika: ni data gani, ya watu wangapi, tangu lini, imegunduliwaje. Tatu ijulishe mamlaka hata kama majibu hayajakamilika. Nyongeza hupelekwa baadaye. Pale ambapo hatari ni kubwa, wajulishe wateja wenyewe kwa maneno ya kawaida, ukiwaambia wafanye nini, kwa mfano kubadilisha nywila au kujihadhari na simu za matapeli zinazotaja oda yao. Faini ya juu kabisa chini ya kanuni hiyo ni euro milioni 20 au asilimia 4 ya mapato ya mwaka ya dunia nzima, ile iliyo kubwa zaidi, na kuficha ndiko kunakoikuza.

Mteja akiomba kuona au kufutiwa data yake, una mwezi mmoja kumjibu. Hakikisha kwanza ndiye, kwa kumjibu kupitia barua pepe iliyoko kwenye oda. Usimdai nakala ya kitambulisho bila sababu. Utakuwa unakusanya data nyeti zaidi ili kufuta data ndogo. Watoto wana ulinzi wao: Marekani chini ya miaka 13 unahitaji ruhusa ya mzazi iliyothibitishwa, na Ulaya umri wa mtoto kuridhia mwenyewe ni kati ya miaka 13 na 16 kulingana na nchi.

Barua pepe za matangazo

Orodha ya barua pepe za kununua usiiguse. Watu hao hawakukupa ruhusa, na wakikuripoti kuwa barua taka, hata risiti za wateja wako halali zitaanza kuangukia kwenye folda ya taka. Tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo huwataka wanaotuma barua nyingi waweke njia ya kujitoa kwa mbofyo mmoja na kuweka malalamiko ya barua taka chini ya asilimia 0.3. Sheria ya Marekani ya mwaka 2003 inataka kila tangazo liwe na anwani ya posta ya mtumaji na njia ya kujitoa, na ombi litekelezwe ndani ya siku 10 za kazi. Usingoje siku 10. Mfumo wowote wa maana hufanya hivyo papo hapo.

Picha, maandishi na majina

"Niliipata Google" si leseni. Kwa Mkataba wa Berne wa 1886, hakimiliki huzaliwa kazi inapotengenezwa, bila usajili na bila alama yoyote. Kwa kila picha iliyoko kwenye tovuti yako uwe na jibu la maswali matatu: nani aliipiga, alikuruhusu lini, na ruhusa inahusu matangazo ya biashara au matumizi ya kawaida tu. Hifadhi risiti za leseni kwenye folda moja yenye majina ya picha. Aliyepigwa kwenye picha naye ana haki yake; picha ya mteja aliyevaa bidhaa yako huiweki bila kumwomba. Mwingine akikuibia picha, jukwaa nyingi zina fomu ya kuomba iondolewe, utaratibu ulioenea kupitia sheria ya Marekani ya 1998. Jaza kiungo cha nakala, kiungo cha asili, na ushahidi wa tarehe, kama faili halisi kutoka kwenye kamera.

Kabla ya kuchapisha nembo, tafuta jina hilo kwenye rejista ya alama za biashara ya kila nchi iliyo kwenye jedwali lako. Jina la kikoa, yaani anwani ya tovuti, kuwa wazi hakumaanishi jina la biashara liko wazi. Mwenye alama anaweza kulidai kupitia utaratibu wa usuluhishi wa ICANN, shirika linalosimamia majina ya vikoa, uliopo tangu 1999, na ukipoteza kikoa umepoteza na barua pepe zako zote. Bidhaa zinazoiga chapa ya mtu, ziite "kopi" au "daraja la kwanza", ni bandia.

Maoni ya wateja na watangazaji

Maoni ya kubuni ni uongo unaopewa jina la mteja. Marekani tangu Oktoba 2024 kuna kanuni mahususi inayopiga marufuku kununua au kuandika maoni bandia, yakiwemo yaliyotungwa na akili mnemba, na kuwatisha wateja ili wafute maoni mabaya. Ndugu na wafanyakazi wakiandika, uhusiano wao utajwe. Maoni mabaya yaache, yajibu kwa jambo halisi: "Mzigo wako ulichelewa siku sita kwa sababu tuliweka anwani isiyo sahihi, tumekurudishia gharama ya usafirishaji." Yenye matusi au namba za simu za watu unaweza kuyaondoa, mradi kigezo hicho umekiandika na unakitumia hata kwa maoni ya kukusifu.

Ukimlipa influensa, au ukampa bidhaa bure, neno "Tangazo" liwe mwanzoni mwa chapisho, na kwenye video litamkwe pia. Liandike kwenye mkataba wenu, kisha liangalie likitoka. Wewe na yeye mnawajibika wote.

Roboti ya kujibu wateja nayo ni mdomo wako. Februari 2024 baraza la usuluhishi la jimbo la British Columbia nchini Kanada liliiamuru Air Canada imlipe abiria aliyepewa na roboti ya tovuti maelezo yasiyo sahihi kuhusu nauli nafuu ya waliofiwa. Hoja kwamba roboti inajitegemea ilikataliwa. Ifunge roboti ijibu kutoka kwenye kurasa zako tu, na maswali ya pesa iyapeleke kwa mtu.

Fikiria pia anayenunua bila kuona. Weka maelezo ya maneno kwa kila picha ya bidhaa, hakikisha tofauti ya mwanga kati ya maandishi na rangi ya nyuma haipungui 4.5 kwa 1, kisha jaribu kukamilisha oda kwa kibodi peke yake, bila kipanya. Ukikwama kwenye kalenda au kwenye kisanduku cha masharti, watu wamekuwa wakikwama hapo kila siku bila kukuambia. Umoja wa Ulaya umeanza kulidai hilo kwa maduka ya mtandaoni tangu 28 Juni 2025, ingawa biashara ndogo kabisa za huduma zimesamehewa.

Kwa mwenye duka lililokwisha kufunguliwa

Usijaribu kurekebisha yote kwa pamoja. Siku ya kwanza ondoa vya uongo: saa bandia, punguzo lisilo na historia, maoni ya kubuni, picha za wengine ulizotumia bila ruhusa. Havihitaji mwanasheria. Siku ya pili funga uvujaji: viungo vya wazi, nywila za pamoja, picha za kadi kwenye simu. Wiki ya kwanza maliza daftari la data na aya ya kurudisha bidhaa, kisha rekebisha ukurasa wa malipo. Masharti kamili, kodi za nchi za nje na alama ya biashara ndipo umtafute mwanasheria. Nenda kwake na jedwali la nchi, daftari la data, na picha ya skrini ya kila hatua kuanzia kapu hadi risiti. Akiwa navyo mezani atajibu maswali yako badala ya kutumia saa ya kwanza, unayoilipia, kukuuliza unauza nini na kwa nani.